Maji ya Funza

Jairo Olima alikuwa dresa wa mgodi, mhudumu wa vidonda na homa, na ukimwacha meneja, katika kambi nzima ya Mawe Meupe hapakuwa na mtu aliyejiamini kumzidi. Kaptura yake ya kaki ilinyooshwa kila asubuhi na mkewe Amondi kwa pasi ya mkaa, soksi zilipandishwa hadi magotini, na wagonjwa walimtambua kwa mlio wa viatu kabla hajafika mlangoni. Alijifunza kazi kwa miaka minne katika hospitali ya misheni upande wa Kenya, walikokuwa wajomba zake. Aliporudi Tarime akasikia kwamba kusini ya Mto Mara, ng'ambo ya Kemambo, dhahabu imeonekana na watu wanamiminika. Wengine walikwenda na sururu. Yeye alikwenda na cheti chake, kimekunjwa ndani ya Biblia, akamwambia meneja kwamba wachimbaji mia tatu bila dresa ni hatari iliyokaa mlangoni. Aliajiriwa siku hiyo hiyo.

Huo ulikuwa mwaka 1936. Sindano na vidonge vya kukausha usaha, ambavyo leo hata zahanati ndogo haikosi, vilikuwa bado havijafika pande hizi. Jairo alikuwa na dawa ya zambarau ya kuoshea vidonda, ayodini, kwinini, pamba, shashi za kufungia na mikono yake. Na kazi ilikuwa nyingi. Jiwe la mgodi ule lilikuwa jeupe na lenye makali kama chupa iliyovunjika. Mchimbaji alikwaruzwa ugokoni, akaona si kitu, akaendelea kusimama kwenye matope mpaka saa ya kutoka. Baada ya wiki kikwaruzo kilikuwa kidonda cha upana wa kisahani cha chai; baada ya wiki mbili mfupa ulichungulia. Watu walikiita donda ndugu, na waliokipata wengi walipelekwa Musoma kwa lori na kurudi na mguu mmoja.

Mniko alikuwa mmoja wa waliolazwa mvua za Machi zilipoanza. Alikuwa kijana wa Gorong'a, mrefu, kazi yake kuweka magogo ya kushikilia paa la shimo, na gogo moja lilimteleza likamchana mguu wa kulia kuanzia goti hadi karibu na kifundo. Jairo alimwosha kila asubuhi kwa siku kumi na mbili bila kukosa. Kidonda hakikumsikiliza. Kilipanuka, kingo zikawa nyeusi, na harufu yake ikawafanya wagonjwa wa vitanda vya jirani wavute mablanketi hadi puani. Mama yake, Nyangi, alikuja kwa miguu kutoka Gorong'a akiwa na kibuyu cha maziwa na mkeka, akatandika mkeka nyuma ya wodi na kuanza kumpikia mwanawe.

Daktari wa serikali alikuwa anapita kambini mara moja kwa mwezi akitokea Musoma. Alikiangalia kidonda cha Mniko, akabonyeza hapa na pale, kisha akamwambia Jairo kwa utulivu kwamba atarudi baada ya siku ishirini na moja, na kama hali ni hii hii, mguu utakatwa chini ya goti palepale kambini, kwa kuwa mgonjwa hataistahimili barabara. Jairo aliitikia. Alipomtafsiria Mniko, kijana aligeukia ukutani, na hakula siku hiyo wala siku ya pili.

Kisha mto ukafurika. Lori la vifaa lilikwama upande wa pili na shashi zikaisha wodini. Jairo alifunga kidonda cha Mniko kwa kipande cha shuka kilichochemshwa, akaamua kutokifungua hadi lori livuke, kwa maana hakuwa na cha kukifungia tena. Siku nne zilipita. Siku ya tano lori lilifika, akakaa kwenye kigoda, akaanza kuzungusha bendeji kuiondoa.

Funza walijaa kidonda kizima. Hawakuwa wale wa vidoleni ambao kila mtu kambini aliwatoa kwa sindano. Walikuwa funza wa nzi, weupe, wanene, wanasongamana kama ugali unaochemka. Uso wa Jairo ulipata moto kwa aibu. Dresa mwenye cheti, wodi inayopigwa deki mara mbili kwa siku, na mgonjwa wake ana funza. Alinyoosha mkono kuchukua beseni la dawa ya zambarau ili awaoshe haraka kabla mtu hajaona.

Mkono uliishia njiani. Kitu kilikuwa kimepungua pale, na ilimchukua muda kutambua kuwa ni harufu. Aliinama hadi pua yake ikawa karibu na mguu. Alinusa shuka iliyolowa, alinusa damu, lakini ule uvundo wa siku zote haukuwepo. Akachukua kibanio, akasogeza funza wachache pembeni. Chini yao nyama ilikuwa nyekundu, hai, inatoa vitone vidogo vya damu safi. Weusi wa kingoni ulikuwa umekwisha zaidi ya nusu.

Alikuwa bado ameinama hivyo Nyangi alipoingia na uji. Mama yule aliona, akaweka kibuyu chini. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini siku ile kilimtosha.

"Umemwacha mtoto wangu aoze," alisema. "Hao ni wa mzoga. Mwanangu hajafa."

Jairo alisimama, akamwamkia upya kama ndiyo kwanza anamwona, shikamoo mama, akamwomba asogee anuse. Nyangi hakutaka. Jairo hakumsukuma, alimwambia tu kwamba amemtibu Mniko siku kumi na mbili na kushindwa, na kwamba wadudu hawa wamefanya kwa siku nne kazi iliyomshinda yeye, na yeye si mtu wa kusema ameshindwa kama hakushindwa. Pengine ni maneno hayo yaliyomfanya mama ainame. Alinusa, akanusa tena. Kisha akaanza kuwaangalia funza wenyewe, mmoja mmoja, kama mtu anayekagua ndama sokoni.

Maisha yake yote alikuwa amechunga ng'ombe. Alimweleza Jairo, Kikurya kikiingia pale Kiswahili kilipoishia, kwamba kuna nzi wa aina mbili. Mmoja hutaga kwenye nyama iliyokufa. Mwingine hutaga kwenye kidonda cha mnyama mzima, na funza wake huchimba, vichwa ndani mikia nje, wakiingia kama seremala anayezungusha kekee ya kutobolea ubao, hadi fahali anaanguka. Hawa wa Mniko walikuwa wanatambaa juu. Hawakuchimba. Jairo alimuuliza atawatofautishaje nzi wenyewe, kwa sababu yeye aliwaona wote wanang'aa kijani.

"Nzi wote wawili wanang'aa," Nyangi alisema. "Usiangalie nguo yake. Angalia anataga wapi."

Funza hawakuoshwa siku ile. Mniko mwenyewe, alipoelezwa, alisema wanamtekenya lakini hawamuumi, na kama ni kuchagua kati ya wao na msumeno, wao hawana meno.

Baada ya siku mbili funza wale walinenepa, wakaanza kutoka wenyewe kutafuta mchanga, na Jairo akabaki na kidonda kilichosafishwa nusu na hamu ya kupata wengine. Alitengeneza sanduku la fito, akalizungushia kipande cha chandarua, akaweka ndani maini ya mbuzi. Nzi wa kijani walikuja kwenye maini, naye akawafungia. Lakini mvua ilikuwa haikatiki, baridi ikawapooza, wakashikilia chandarua bila kutaga. Zilibaki siku kumi na moja daktari arudi. Jairo alihesabu, akakosa subira. Alijiambia kwamba mara ya kwanza walikuja wenyewe, hivyo watakuja tena. Asubuhi moja akaacha kidonda cha Mniko wazi, dirisha wazi, akaenda zake kuwapa kwinini wagonjwa wa homa kwenye nyumba za wachimbaji. Jioni alikifunga, ameridhika.

Kesho yake mchana Mniko alianza kulalamika. Kufikia saa kumi alikuwa anauma ukingo wa blanketi. Jairo alimwambia ni dalili ya kazi kufanyika. Nyangi hakubishana naye. Alikaa kitandani, akaifungua bendeji mwenyewe, na Jairo alipotaka kumzuia akamwonyesha kwa kidole. Mikia midogo myeusi ilitokeza kwenye nyama nyekundu, imepangana kama punje kwenye gunzi. Vichwa havikuonekana.

Waliwatoa wakisaidiana, Jairo kwa kibanio na mama kwa mwiba mrefu aliouchuma kwenye ua wa kambi na kuuchemsha kwenye sufuria ya uji. Ilichukua hadi jua kuzama. Wengine walikatika na ikabidi wafuatwe ndani, na Mniko alizimia mara moja, jambo lililowarahisishia kazi. Walipomaliza walihesabu sitini na mbili kwenye kikombe. Jairo alinawa mikono, akasimama katikati ya wodi, wagonjwa wote wakimtazama, akasema kwamba kosa lilikuwa lake peke yake, kwamba mama huyu alimwonya na yeye akadhani amesikia, na kwamba kuanzia leo hakuna nzi atakayegusa mgonjwa wa wodi hii bila kupitia kwenye sanduku. Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyotumia kutangaza zamu za kufagia. Nyangi aliokota kibuyu chake akatoka nje. Asubuhi iliyofuata alikuwa mbele ya sanduku la nzi, amelisogeza karibu na jiko la Amondi ili lipate joto.

Nzi walitaga siku hiyo hiyo. Mayai yalikuwa meupe, yameshikamana juu ya maini kama unga uliomwagika. Jairo alifikiria walikotoka nzi wale, majalalani na chooni, akaona hawezi kuweka uchafu huo juu ya kidonda. Aliyaosha mayai kwa dawa ya kusafishia sakafu iliyochanganywa na maji yaliyochemshwa. Mafungu mawili ya kwanza yalikufa yote. La tatu, alipopunguza dawa, lilianguliwa, na funza wadogo kama nyuzi wakaingia kidondani chini ya shashi iliyofungwa kila upande. Kila siku ya tatu aliwatoa na kuweka wapya. Kidonda kilianza kujaa nyama kutoka chini.

Sasa Jairo akaanza kusumbuliwa na jambo moja. Kulikuwa na mfuko kwenye kidonda kile, upande wa ndani karibu na kifundo, mwembamba kiasi kwamba hakuna funza aliyeweza kuingia. Huko nako usaha ulikauka. Alichokiona kikiingia kwenye mfuko ni maji tu, ya rangi ya chai nyepesi, yanayotoka kwa funza wenyewe na kulowesha shashi. Kama kazi ya funza ni kula tu, nani aliyesafisha mahali ambapo hawakufika?

Alimwomba Amondi supu ya mfupa, akaichuja kwa kitambaa mpaka ikawa angavu, akaichemsha na kuigawa kwenye chupa tatu tupu za kwinini. Kila chupa akaitia tone la usaha kutoka kwa mgonjwa mwingine ambaye hakuwa na funza. Ya kwanza akaongeza maji ya kawaida yaliyochemshwa. Ya pili akaongeza maji aliyosuuzia funza mia moja. Ya tatu akaongeza maji hayo hayo ya funza, lakini baada ya kuyachemsha hadi yakatokota, maana alitaka kujua kama moto unaua nguvu yake. Aliziba chupa kwa pamba, akaziweka kwenye rafu karibu na jiko.

Heche, nyapara wa kambi, alimkuta anaziangalia siku mbili baadaye. Heche alikuwa mtu wa haki lakini mwenye maneno machache, na safari hii alikuja na maneno ya wengine. Wachimbaji wanasema dresa anawalisha nzi watu wao. Wawili wenye vidonda wamekataa kuja wodini. Meneja amesikia, naye amesema kama daktari atakuta wadudu kitandani kwa mgonjwa, dresa atafute kazi kwingine. Heche alimshauri, kama mtu anayemtakia mema, awatupe funza na aseme hawakuwahi kuwepo.

Jairo alimpa chupa ya kwanza. Supu ilikuwa nzito na nyeupe kama maji ya chokaa. Heche alivuta pamba, akanusa, akarudisha kichwa nyuma ghafla. Kisha akapewa ya pili, na ya tatu. Zote mbili zilikuwa angavu. Ungeweza kuona kidole nyuma ya chupa.

"Zote zilitiwa usaha ule ule," Jairo alisema. "Hizi mbili zina maji ya funza. Ya hii ya tatu nimeyachemsha kabisa, na bado yanaua kinachoozesha. Sasa niambie nitupe nini."

Heche alinusa tena zote tatu, taratibu, kisha akauliza kama majaribio yalifanyika mara moja tu. Lilikuwa swali zuri na Jairo alilipenda. Alimjibu kuwa atarudia mbele yake, na Heche mwenyewe atie matone na kukaa na chupa nyumbani kwake. Heche akafanya hivyo. Siku ya tatu nyapara alikuja amebeba chupa zake kwenye kapu, na nyuma yake walikuwa wale wachimbaji wawili wenye vidonda, mmoja akimwegemea mwenzake.

Daktari alifika siku ya ishirini na mbili, akiwa na sanduku la vyombo na msaidizi wa kumshika mgonjwa. Meneja aliingia naye wodini. Jairo alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Mniko, soksi magotini, na hakuwa ameficha kitu. Shashi ilikuwa kwenye mguu na funza walikuwa chini ya shashi. Alifungua mwenyewe.

Meneja alitoka nje. Daktari alibaki, akavaa miwani. Aliangalia muda mrefu, akabonyeza nyama mpya kwa kidole, akamwambia Mniko achezeshe vidole vya mguu, na Mniko akavichezesha vyote vitano.

"Nani amekufundisha haya?" daktari aliuliza.

"Kidonda chenyewe, bwana," Jairo alisema. "Na mama huyu, anayewajua nzi kuliko mimi."

Daktari akasema amesoma kwamba huko Amerika kuna mabwana wanaotibu mifupa iliyooza kwa funza, lakini hakudhani ataliona jambo hilo huku porini, na yeye alijua tu kwamba wadudu hula kilichokufa. Hapo Jairo akamletea chupa. Alimweleza kuhusu mfuko wa karibu na kifundo, kuhusu supu, kuhusu maji yaliyochemshwa. Daktari aliuliza maswali mengi, mengine mara mbili, na Jairo aliyajibu yote bila haraka, pamoja na lile la siku ya dirisha wazi na funza sitini na mbili, ambalo hakuulizwa. Mwisho daktari aliomba chupa ya maji ya funza aipeleke maabara.

"Nitakupa," Jairo alisema, "ila kwanza niandike jina."

Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi: J. Olima, Dresa, Mawe Meupe. Na chini yake, baada ya kufikiri kidogo, Nyangi wa Gorong'a. Akaibandika kwenye chupa kwa uji wa unga. Daktari alimtazama, akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, akaiweka chupa kwenye sanduku lililokuwa na msumeno.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, mistari mitatu. Maji yale yalizuia vijidudu vya usaha katika majaribio manne kati ya matano. Tafadhali leta zaidi. Jairo alimsomea Amondi, akamsomea Heche, akamsomea meneja ofisini akiwa amesimama wima. Kisha akatumia nafasi hiyo kuomba mtu wa kulea nzi, kwa mshahara. Meneja alisema hakuna nafasi ya namna hiyo katika orodha ya kazi za mgodi. Wakakubaliana Nyangi aandikwe kama mpishi wa wodi.

Mniko alikaa kitandani hadi mwanzoni mwa Juni. Alitoka na kovu la kung'aa kuanzia goti hadi chini, na mguu uliokakamaa kidogo asubuhi za baridi. Shimoni hakurudi, alisema mguu huu umepatikana kwa taabu na hataupeleka tena kwa mawe. Alivuka mto, akaoa, akalima mtama na mihogo Gorong'a, akawa mtu wa kutembea hadi Sirari na kurudi kwa siku moja ili tu watu waone.

Kabla mwaka haujaisha vidonda thelathini na nane vilipita mikononi mwa Jairo kwa njia ile. Miguu mitatu ilikatwa hata hivyo, na mgonjwa mmoja alikufa kwa homa ambayo funza hawakuweza kuifikia. Jairo aliwaandika hao pia, na hakuwaruka alipokuwa anasimulia. Miaka michache baadaye vidonge vilianza kufika kwa lori, na vita vya pili vya dunia vilipokwisha zikaja sindano. Aliyapokea yote kwa furaha. Hakuwahi kusema funza walikuwa bora, alisema tu kwamba walikuwepo siku ambayo vingine havikuwepo.

Nyangi alilea nzi miaka mitatu. Masanduku yakawa manne, akayajengea kibanda chenye jiko dogo la kuwapa nzi joto, akafukuza paka wa kambi waliofuata maini, na akakataa katakata mtu yeyote kuingia na vumbi la shimoni mwilini. Katika mwaka wa pili serikali ilimleta dresa kijana kutoka Musoma, Steven, aje ajifunze. Alikuja na koti jeupe na daftari jipya, akamwamkia Jairo, akauliza ni nani mtaalamu wa nzi. Jairo alimwelekeza kibandani. Steven alimkuta mama mtu mzima amechuchumaa mbele ya sahani ya mayai, akadhani ni mpishi, kwa kuwa ndivyo alivyosoma kwenye orodha, akapita moja kwa moja kwenda kwenye masanduku na kunyoosha mkono.

Nyangi hakuinua macho. Alimwambia achukue sabuni pale kwenye ndoo, anawe hadi kwenye viwiko, akimaliza akae chini, wataanza na mayai.